UZI: Programu inakimbia vizuri Windows, ukiipeleka Linux inaganda. Tuongee kuhusu thredi

FundiKeneli (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kuna jambo nataka tulijadili kwa kirefu maana naona vijana wengi wanakwama pale pale. Mtu ana programu ya C++ iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, imefanya kazi miaka na miaka, leo mteja anasema seva mpya ni Linux tuhamishie. Jamaa anafungua kodi, akikuta CreateThread anaweka pthread_create, akikuta CreateEvent anaweka pthread_cond_t, akikuta EnterCriticalSection anaweka pthread_mutex_lock, inakompaili, inawaka, watu wanapongezana. Baada ya muda programu inaganda tu. Haikrashi, haiandiki kosa lolote kwenye logi, CPU iko chini kabisa. Hapo ndo lawama zinaanza, mara Linux mbovu, mara RAM ndogo.

Msimamo wangu ni huu: kilichohama ni majina ya fankshen, tabia zimebaki Windows. Kila mfumo endeshi una mazoea yake kuhusu thredi (kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja), yaani nani anamwamsha nani, ishara ikitumwa wakati hakuna anayesubiri inaenda wapi, thredi inapewa staki (memori yake ya kazi) kiasi gani, nani ana ruhusa ya kugusa dirisha lililoko kwenye skrini. Kodi yako inayategemea hayo mazoea hata kama hujayaandika popote, na ukihama bila kuyajua unahama na deni.

Naanza na iventi, ile ishara ya thredi moja kuiambia nyingine endelea, kwa sababu hiyo ndo inaua wengi.

Kwenye Windows iventi ina kumbukumbu. Thredi A ikiita SetEvent, iventi inawashwa na inabaki imewashwa mpaka kuna mtu aipokee (kama ni ya kujizima yenyewe) au mpaka uizime kwa ResetEvent. Kwahiyo hata kama thredi B imechelewa, ikifika kwenye WaitForSingleObject inakuta ishara inamsubiri, inapita. Kondishen variabo (ile pthread_cond_t) ya POSIX, kanuni za pamoja za Linux na Unix, haina kumbukumbu kabisa. Ukiita pthread_cond_signal na hakuna aliyelala pale, ishara imepotea moja kwa moja, B akija baadae analala na hakuna wa kumwamsha tena. Ni tofauti ya mtu aliyekuachia ujumbe mlangoni na mtu aliyepiga hodi haupo akaondoka zake.

Sasa kinachochanganya ni kwamba kwenye laptop yako B anawahi kila siku, unatest asubuhi mpaka jioni hakuna shida. Ukipeleka kwenye seva yenye koa (vichakataji ndani ya CPU) nyingi mpangilio wa nani anaanza unabadilika, A anawahi, B anaganda. Na haitokei kila mara, ndo maana watu wanahangaika nayo wiki nzima.

Dawa yake inajulikana. Weka variabo yako mwenyewe ya kweli/si kweli, mfano `tayari`, ilindwe na myuteksi (loki inayoshikwa na thredi moja kwa wakati). Anayetuma ashike myuteksi, aweke tayari = true, kisha asignali. Anayesubiri ashike myuteksi, halafu `while (!tayari) pthread_cond_wait(...)`. Ni while, SIO if, kwa sababu POSIX inaruhusu thredi kuamka bila kuitwa na mtu yeyote. Hiyo `tayari` ndo kumbukumbu ambayo Windows ilikuwa inakutunzia ndani ya keneli bila wewe kujua.

Kuna wanaoona semafo (kihesabu cha ishara) ndo njia ya mkato. Angalia hapo pia. Iventi ya kujizima yenyewe ukiiwasha mara tano kabla mtu hajaipokea inahesabika moja, semafo ukiipandisha mara tano inahesabu tano. Kodi iliyozoea iventi inaamka mara tano kufanya kazi ya mara moja, na kama hiyo kazi ni kukata pesa kwenye akaunti ya mtu basi una kesi.

Naendelea, nipeni dakika.

Nyota_ya_Ilala

Mkuu umenigusa penyewe. Nina programu ya foleni ya wateja inafanya hivyo hivyo, inaganda na CPU sifuri. Nitajuaje kama ni hii ya ishara kupotea au ni thredi mbili zimefungiana loki?

FundiKeneli

Nyota, ikiwa imeganda usiizime. Ingia kwenye seva, andika `gdb -p` ikifuatiwa na namba ya prosesi, kisha `thread apply all bt`. Itakumwagia kila thredi imesimama wapi. Ukiona thredi zote zimekaa ndani ya pthread_cond_wait, na hakuna hata moja iliyobaki ya kumwamsha mwenzake, hiyo ni ishara iliyopotea. Ukiona mbili au zaidi ziko ndani ya pthread_mutex_lock, moja inasubiri loki ya mwenzake na mwenzake anasubiri yake, hiyo ni dedloki ya kawaida. Na ukiona thredi MOJA iko ndani ya pthread_mutex_lock, na chini kidogo kwenye orodha ile ile ya fankshen imeshapita kwenye kufunga loki ile ile, basi umekutana na jambo lingine nililotaka kulisema.

CRITICAL_SECTION ya Windows inamruhusu mwenye loki kuingia tena na tena, inahesabu tu. Myuteksi ya kawaida ya pthread kwenye Linux ukiifunga mara mbili na thredi ile ile inajifungia yenyewe ndani milele. Lazima uiombe kwa PTHREAD_MUTEX_RECURSIVE wakati wa kuitengeneza. Kodi nyingi za Windows zina fankshen inayofunga loki halafu inaita fankshen nyingine inayofunga loki hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kugundua kwa sababu Windows hailalamiki.

kiongozi_wa_zamu

Mimi swali langu ni dogo, kwanini isiwepo laibrari moja tu inayoiga Windows yote kwenye Linux, watu wapumzike?

FundiKeneli

Ipo mkuu, inaitwa Wine, na historia yake ndo ushahidi mkubwa kuliko wote kwenye uzi huu. Ngoja niieleze vizuri maana naipenda sana.

Windows ina fankshen inaitwa WaitForMultipleObjects. Unaipa vitu mpaka 64, vya aina yoyote mchanganyiko: iventi, myuteksi, semafo, thredi, hata prosesi nyingine, unaiambia niamshe chochote kikiwa tayari, au niamshe vyote vikiwa tayari kwa pamoja. Magemu ya Windows yanaiita hiyo kitu kila fremu. Linux haikuwa na kitu cha namna hiyo. Ilikuwa na poll kwa ajili ya kusubiri mafaili na soketi, ilikuwa na futex kwa ajili ya loki, ila futex inasubiri anwani moja tu, na myuteksi ya pthread huwezi kuiweka kwenye poll.

Wine walifanyaje? Walikuwa na prosesi ya pembeni, wineserver, ndo hakimu wa kila iventi na kila myuteksi. Kila thredi ikitaka kusubiri inaenda kumuuliza hakimu, inarudi. Usahihi ulikuwepo ila kasi hakuna, gemu yenye thredi nyingi inakuwa nzito kwa sababu kila mtu anapanga foleni kwa mtu mmoja. 2018 ikaja esync, inatumia eventfd (ishara ya Linux yenye umbo la faili) badala ya kwenda kwa hakimu. Kasi ikapanda, lakini kila iventi inakula faili moja la prosesi kwahiyo watu wakawa wanapandisha ulimit (vikomo vya kila prosesi), na ile ya "niamshe vyote vikiwa tayari kwa pamoja" haikuwezekana kuigwa sawasawa. Baadae fsync, inayotumia futex, na kwa ajili hiyo hiyo keneli ya Linux 5.16 ya Januari 2022 ikaongezewa futex_waitv inayoweza kusubiri anwani nyingi kwa mkupuo. Bado haikutosha kwa kila kitu. Mwisho wa siku ikabidi iandikwe draiva ndani ya keneli yenyewe, ntsync, iliyoandikwa na Elizabeth Figura wa CodeWeavers, ikakamilika kwenye Linux 6.14 ya Machi 2025. Yaani ukifungua /dev/ntsync unapata iventi, myuteksi na semafo zenye tabia ya Windows halisi, ndani ya Linux.

Hebu pima hilo. Wine ina zaidi ya miaka 30, imejaa watu wanaoijua Windows mpaka mifupani, na jambo la thredi halikukaa sawa mpaka keneli ilipobadilishwa. Sasa wewe unataka kulimaliza kwa find and replace ijumaa jioni.

Binti_Data

Asante kwa uzi kaka. Mimi siandiki C++, niko Python, ila nadhani nina ugonjwa huo huo. Skripti yangu inatumia multiprocessing, kwenye seva ya Linux inakimbia vizuri, mwenzangu mwenye Windows akiirun inajaza prosesi inalalamika, mwingine mwenye Mac kwake inasema variabo haipo. Kodi moja, tabia tatu.

FundiKeneli

Dada hiyo ni fork, na ni mada pana kuliko iventi.

Linux na Unix zote zina fork: prosesi inajigawa mara mbili, mtoto anazaliwa na kila kitu cha mzazi kwenye memori. Windows haina fork kwa programu za kawaida, ina CreateProcess, yaani mtoto anaanza upya kabisa mikono mitupu. Python kwenye Linux ilizoea fork, kwahiyo modeli uliyoipakia kwenye variabo ya juu mtoto anaikuta. Kwenye Windows inatumia spawn, mtoto anaisoma skripti yako upya toka mstari wa kwanza, na kama hujaweka `if __name__ == "__main__":` atafika pale pale pa kuanzisha watoto naye aanze kuzaa, ndo maana Python inagoma na kukupigia kelele. Mac nayo ilikuwa fork mpaka Python 3.8 ya 2019 ndo wakaihamishia spawn, kwa sababu laibrari za Mac zinaanzisha thredi kimya kimya na fork ikipita juu yake zinakrashi. Na Python 3.14 hata Linux imeacha fork kama chaguo la kwanza, sasa ni forkserver (prosesi safi ya pembeni ndo inafork kwa niaba yako). Kwahiyo andika kama vile kila mahali ni spawn: kila anachohitaji mtoto mpe kwa mkono kupitia arguments, usitegemee urithi.

Sababu ya wote kuikimbia fork ni hii. Fork inakopi memori yote lakini inakopi thredi MOJA tu, ile iliyoita fork. Kama kuna thredi nyingine ilikuwa imeshika loki, mfano loki ya logi, mtoto anarithi loki ikiwa imefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Mtoto akitaka kuandika logi anasubiri milele.

Mfano mkubwa wa hili ni PostgreSQL. Kila mteja akiunganishwa inafork prosesi mpya. Ndo maana Windows rasmi ilikuja kuipata kwenye toleo 8.0, Januari 2005, na ilibidi watengeneze njia ya pembeni ambapo mtoto anaanzishwa upya, anasomeshwa hali ya mzazi, na anaunganishwa na memori ya pamoja kwenye anwani ile ile. MySQL yenyewe inatumia thredi moja kwa kila mteja, haina huo mzigo.

mtu_wa_xampp

Wakuu samahani kama natoka nje ya mada, hizi PHP za "Thread Safe" na "Non Thread Safe" kwenye download zina uhusiano na haya? Mimi huwa nachukua yoyote, na sasa nina extension inagoma kusomeka.

FundiKeneli

Uko ndani ya mada kabisa. Apache kwenye Linux kwa miaka mingi PHP yake ilikaa kwenye prefork, kila ombi prosesi yake, hakuna thredi ndani yake, kwahiyo NTS inatosha, na php-fpm vile vile. Apache ya Windows haiwezi prefork kwa sababu hakuna fork, inatumia mpm_winnt ambayo ni prosesi moja yenye thredi nyingi, na PHP ikikaa humo kama moduli lazima iwe TS. XAMPP ya Windows inakuja hivyo. Angalia jina la faili la extension ulilodownload, kwa kawaida limeandikwa ts au nts, halafu fungua phpinfo() uangalie mstari wa Thread Safety. Zisipolingana haisomeki. Angalia pia namba ya toleo na kama ni x64.

Mzee_wa_Alpine

Ongezea staki mkuu, wengi hawaijui.

FundiKeneli

Kweli kabisa mzee wangu. Thredi mpya kwenye Linux ya kawaida yenye glibc (laibrari ya msingi ya C) hupewa staki ya MB 8, inafuata ulimit. Windows MB 1. Mac, thredi zisizo kuu zinapata KB 512. Na Alpine, Linux ndogo ambayo watu wanaipenda kwenye Docker kwa sababu imeji yake ni ndogo, inatumia musl badala ya glibc, ambayo inatoa KB 128 tu. Una fankshen inajiita yenyewe, au una array kubwa umeitangaza ndani ya fankshen, kwenye Ubuntu inapita, kwenye konteina ya Alpine segfault, na ukiangalia kodi huoni kosa. Omba staki mwenyewe kwa pthread_attr_setstacksize, usikubali unachopewa. std::thread ya C++ haikupi nafasi ya kuomba, hapo inabidi ushuke kwenye pthread yenyewe.

Wanaokwenda Mac kuna mengine matatu ya haraka: sem_init inakompaili lakini ukiirun inarudisha kosa kila mara, tumia semafo za dispatch. Barrier za pthread (mahali pa thredi kusubiriana) hazipo. Na kitu chochote cha dirisha lazima kiguswe na thredi kuu peke yake, wakati Windows inaruhusu thredi yoyote itengeneze dirisha lake. Android nayo ina masharti ya namna hiyo, na juu yake haina pthread_cancel kabisa, kwahiyo kama programu yako inaua thredi kwa nguvu, anza kuandika njia ya kuiomba itoke yenyewe.

Jasiri_Go

Mkuu mi naona mnajitesa. Andikeni Go au Java, thredi zote hizi zinakuwa kazi ya runtime, uzi umefungwa.

FundiKeneli

Ndugu yangu nakubaliana na wewe nusu. Kwa seva ya HTTP na database, Go inakufichia karibu yote haya na sina ugomvi. Ukigusa dirisha au grafiki yanarudi. Java kwenye Mac ukitumia LWJGL (laibrari ya magemu na grafiki) na GLFW yake ya madirisha lazima uianzishe na -XstartOnFirstThread la sivyo haiendi, na kwenye Go utaita runtime.LockOSThread kwa sababu ile ile, thredi kuu ni thredi kuu. Na watu wanaouliza humu wana kodi ya C++ ya miaka 15, huwezi kumwambia aandike upya mfumo wa benki ili akwepe kondishen variabo.

Hata ndani ya Linux yenyewe mambo yalishabadilika chini ya jina lile lile. Thredi za zamani, LinuxThreads za Xavier Leroy, getpid ilikuwa inarudisha namba tofauti kwa kila thredi, na signali hazikufuata POSIX. 2003 ikaja NPTL ya Ulrich Drepper na Ingo Molnar, fankshen ni zile zile za pthread, tabia nyingine. Programu zilizotegemea getpid kutambua thredi zilivunjika bila mtu kubadili mstari hata mmoja.

Nyota_ya_Ilala

Nimerudi wakuu. Nimefanya ile ya gdb. Thredi tatu zote ziko kwenye pthread_cond_wait, na msimbo wangu una `if` sio `while`, na hakuna variabo yoyote. Nikimaliza hapo nianzie wapi kukagua mengine? Na pia nina `volatile bool imekwisha` sehemu nyingi, hiyo iko salama?

FundiKeneli

Safi sana, hapo umeshampata mchawi wako.

Volatile haiko salama. Kompaila ya Microsoft kwenye x86 (CPU za Intel na AMD) inaipa volatile uwezo wa ziada wa kupanga mpangilio wa memori, GCC haiipi. Ukichanganya na CPU za ARM, ambayo inaruhusu thredi moja ione maandishi ya mwenzake kwa mpangilio tofauti na yalivyoandikwa, unaweza kuona `imekwisha` ni true halafu data uliyoisubiri bado ni ya zamani. Badilisha zote ziwe std::atomic<bool>.

Halafu kompaili na `-fsanitize=thread` kwenye GCC au clang, irun kwa mzigo unaofanana na wa kweli. Itakuwa nzito, vumilia. Inakuonyesha mistari miwili inayogombania data moja pamoja na thredi zenyewe. Ila ishara iliyopotea haiioni, hiyo tafuta kwa macho: grep kila CreateEvent kwenye kodi ya ZAMANI ya Windows, kwa kila moja andika pembeni ni ya kujizima au ya kuzimwa kwa mkono, nani anaiwasha, nani anaisubiri, na je, anayewasha anaweza kuwahi. Baada ya hapo tafuta kila WaitForMultipleObjects, hizo ndo zitakula muda wako. Njia nyepesi niliyoiona kwa hizo ni kuwa na myuteksi moja na kondishen variabo moja kwa kundi zima, na kila "iventi" inakuwa bool ndani ya kundi hilo, anayesubiri anaamka anaangalia zipi zimewaka. Ukiwa na Sleep(1) kwenye luupu zikague pia, Windows kwa kawaida ilikuwa inalala hata milisekunde 15 pale, Linux inalala karibu na 1 kweli, kwahiyo luupu yako itazunguka mara nyingi zaidi na kula CPU.

Ukikwama kwenye WaitForMultipleObjects weka kipande cha kodi hapa, toa majina ya mteja, tutaiangalia pamoja.

Nyota_ya_Ilala

Zipo nne kwenye faili la kuprint tiketi, moja inasubiri printa, soketi na iventi ya kuzima kwa pamoja. Naileta usiku.

FundiKeneli

Hiyo yenye soketi usiiweke kwenye kondishen variabo. Geuza iventi ya kuzima iwe eventfd, printa kama ina faili lake unaweka humo humo, vyote vitatu vinakaa kwenye poll moja. Leta tuione.